Tahadhari: "Mbegu" za Yungiyungi la Kushtukiza ni Utapeli

Wapenda bustani mlioko Marekani, matangazo yamerudi kwenye masoko ya mtandaoni. Maua ya buluu iliyokoza, mengine meusi, mengine yenye rangi zote za upinde wa mvua, "mbegu 100" kwa bei ya soda. Msinunue.

Yungiyungi la kushtukiza, Lycoris squamigera, ni la rangi ya waridi inayoelekea zambarau, basi. Buluu ile imetiwa kwenye kompyuta. Tena mmea wenyewe ni tasa: una seti tatu za kromosomu, hautoi mbegu, huongezeka kwa kitunguu chake kugawanyika ardhini. Wapo jamaa zake wanaozaa mbegu, lakini hizo ni nyeusi, za mviringo, zinang'aa, kubwa kuliko punje ya pilipili manga, na hupandwa zikiwa mbichi. Kinachofika kwenye bahasha ni vijimbegu vikavu mfano wa mchicha.

Ujanja wa tapeli uko hapa: mmea huu kweli ni mzito kuamka. Hata kitunguu halali kikihamishwa, kinaweza kununa mwaka mmoja au miwili bila kutoa ua. Muuzaji analijua hilo. Ukilalamika anakujibu, "Vuta subira dada, haya maua huchelewa," na wewe unasubiri hadi siku za kudai pesa yako zinakwisha.

Wanaouza vitunguu nao wachunguzeni. Yungiyungi hili huitwa pia naked lady kwa Kiingereza, lakini jina hilo hutumika vilevile kwa Amaryllis belladonna, mmea wa Afrika Kusini unaostawi California lakini hauhimili baridi kali ya Ohio au Minnesota. Wengine huchomeka Lycoris radiata, ile nyekundu, ambayo majani yake hutoka vuli na kuunguzwa na barafu huko kaskazini. Squamigera hutoa majani majira ya machipuko, yanakauka mwanzoni mwa kiangazi, kisha mwezi Agosti bua linachomoza tupu. Kwa hiyo dai jina la Kilatini liandikwe kwenye risiti. "Lycoris mchanganyiko" si jina.

Kitunguu kikifika, kibonyeze. Kizuri ni kigumu, kizito mkononi, kina shingo ndefu na ganda la kahawia kama karatasi. Kikiwa chepesi, laini karibu na kitako, au kinanuka uvundo, kimeoza. Mizizi iliyokatwa yote haikiui, ila huongeza muda wa kununa. Panda kitunguu shingo ikiwa chini kidogo tu ya udongo, sentimita 15 hadi 20 kati ya kimoja na kingine, pasipotuama maji. Na kisikae jikoni hata siku moja: kinafanana mno na kitunguu maji, na kina sumu ya kutapisha.

Wa Dar na Mombasa wanaotaka kuletewa, akibeni hela zenu. Squamigera bila baridi ya kipupwe cha kweli haitoi ua.

Aliyekwisha lipa: piga picha mbegu juu ya karatasi nyeupe, sarafu pembeni kuonyesha ukubwa, hifadhi tangazo lenyewe kabla halijafutwa, kisha dai kupitia soko au benki ya kadi yako leo, bila kungoja ziote. Mbegu usizipande wala kuzimwaga kwenye mboji. Mwaka 2020, vifurushi vya mbegu visivyoagizwa vilipofika majumbani kutoka nje, Wizara ya Kilimo ya Marekani iliwaambia watu wasizipande, kwa kuhofia magugu na magonjwa ya mimea.