Nimenuswa daftari mbele ya foleni

Nilikuwa nimeshatoa nyota moja. Sasa sijui.

Niliagiza daftari la kuchorea kutoka Ujerumani, karatasi ya bangi ya viwandani, kipindi kile cha mvua. (Ningeiita katani, ila kwetu Tanga ukisema katani watu wanajua mkonge.) Si ya kulewesha. Ulaya sheria inataka kile kileo chake kisizidi asilimia 0.3 mmea ukiwa shambani.

Kwenda kuchukua kifurushi, kijana wa dirishani, mdogo kuliko kitinda mimba wangu, shikamoo hana, akachana bahasha akaona jani limechorwa kwenye jalada. Hakuniuliza kitu. Akanusa. Wallahi alinusa ukurasa mmoja mmoja kama anachagua samaki Feri, halafu akapaza sauti: "Oya, njooni! Bi mkubwa kaagiza bangi!" Foleni nzima ikageuka, na nyuma yangu kasimama mweka hazina wa kikoba chetu.

"Ni karatasi, mwanangu."

"Ya kusokotea?"

Kinachouma ni kwamba hakuwa mbali na ukweli. Ulaya, nyuzi nyingi za bangi ziendazo kwenye viwanda vya karatasi zimekuwa zikiishia kwenye karatasi za sigara. Sikumpa raha hiyo. Niliondoka adhuhuri.

Nyumbani nikavaa miwani, nikasoma yale maandishi ya sisimizi nyuma ya jalada: bangi ni robo tu, iliyobaki ni karatasi taka iliyosagwa upya. Robo! Nimeaibishwa kwa robo! Na ile sifa yenu, nyie wauzaji, kwamba ekari moja ya bangi ni sawa na ekari nne za miti? Hiyo ni hesabu ya Wizara ya Kilimo ya Marekani ya mwaka 1916, ya mzunguko wa miaka 20, tena ilihusu kiini cha bua, si nyuzi. Mnaiuza kama imepigwa juzi.

Basi nikaamua kulitesa. Nikachora kwa kalamu ya kuchovya, wino haukusambaa. Nikafuta kwa raba pale pale mara tano, sita. Daftari la dukani lingeshaota manyoya na kutoboka. Hili wapi! Mjukuu akalimwagia chai, likakauka na mikunjo kidogo tu.

Sasa nasifu nini, ile robo au zile robo tatu? Karatasi taka kila ikisagwa nyuzi zake zinazidi kuwa fupi, kwa hiyo nadhani ni nyuzi ndefu za bangi zinazoishikilia, kama ukindu kwenye mkeka. Haya, nimewasifu, na hasira bado ninazo.

Nyota nne. Tatu, nikimkumbuka yule kijana, ingawa yeye si wenu. Nataka mengine mawili, ila safari hii lile jani kwenye jalada mlitoe.