Kutangaza biashara WhatsApp: status au magrupu?

Hapa Tanga, muuza visheti wa Ngamiani na mwenye boti ya kupeleka wageni kisiwa cha Toten wote hujiuliza hili.

Kwa adabu, status inashinda: anayetazama kaifungua mwenyewe. Ila huonwa na mliosevuana namba tu, pande zote mbili. Mteja aliyepiga mara moja bila kukusevu haoni kitu, kwa hiyo ukimkabidhi mzigo malizaneni hilo papo hapo. Tena hufutika baada ya saa 24, hivyo ni kazi ya kila siku, na picha zikizidi nne tano watu huziruka.

Grupu laweza kuwa na watu hadi 1,024, na tangazo linabaki. Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Grupu la mtaa au la kikoba si gulio: muulize admini kwanza, pembeni. Anza na salamu, picha moja, kisha: "Visheti, pakiti 1,000, Barabara ya 12, mwisho wa oda saa kumi jioni." Bei usiifiche, "njoo inbox" inachosha watu. Na pakiwa na taarifa ya msiba, nyamaza hadi mazishi yapite. Tangazo chini ya "Inna lillahi" ni kukosa utu, na hata wateja wa zamani watakukwepa.

Bando halitofautiani sana. Video ndiyo inayokula.

Mwenye wateja wa kurudi, status inamtosha. Anayeanza, namba zake chache, aende grupu, mara moja kwa wiki, basi.