Uzoefu wangu na apu ya kutafuta grafiti Nairobi: nyota tatu

Nimekaa na hii apu wiki tatu sasa, ile ya ramani inakuonyesha michoro ya ukutani iliyo karibu na wewe. Napenda grafiti tangu nikiwa shule so nilikuwa naitaka kweli.

Penye imenisaidia ni Railway Museum. Miaka yote napita hapo nje nikidhani ni vyuma vya zamani tu, kumbe huko ndani kuna mabehewa makuukuu yamepigwa rangi ubavu mzima, aki nilisimama tu nikiangalia. Ukisogea karibu unaona ile rangi ya kopo ilichuruzika chini ya jicho la mchoro ikakauka hapo hapo. Pini yenyewe ilikuwa imewekwa Uhuru Highway, nikazunguka karibu nusu saa na jua la saa saba, lakini nilifika.

Sasa shida. Muindi Mbingu Street karibu na City Market apu inaonyesha ule mchoro wa 2012, ule wa mwanasiasa amechorwa kama tumbusi amekaa kitini, kina Bankslave na Swift9 waliuchora usiku mwaka mmoja kabla ya uchaguzi na baadaye ukapakwa rangi juu. Apu inasema uko mita 40. Nimefika nimesimama na simu mkononi, na mnajua kusimama na simu mkononi tao vile huwa, ukuta hauna kitu. Picha haina tarehe, mgeni atajuaje? Na nisieleweke vibaya, sitaki waifute, hiyo picha ibaki kabisa juu watu walijiweka hatarini kuichora, waandike tu iliisha lini na nani aliichora. Jina la msanii hapo ni la hiari na nyingi ziko wazi, hiyo inaniuma sana.

Halafu matatu!! Grafiti ya Nairobi nusu yake iko kwa matatu. Michuki, aliyekuwa waziri wa uchukuzi, alileta sheria 2004 matatu zikapigwa ule mstari wa njano, wachoraji wakateseka miaka, hadi 2014 Rais Uhuru akasema vijana waachiwe wachore, na leo mat ya Rongai ina kazi nzuri kuliko kuta nyingi. Lakini apu inalazimisha lokesheni moja, nilipandisha picha nikaweka steji ya Railways, kesho yake mtu akaripoti haipo ikatolewa. Wangeweka tu sehemu ya namba ya ruti badala ya pini, ingetosha.

Mabango ya kinyozi na ya hoteli yaliyochorwa kwa mkono pia hayana mahali, eti si sanaa ya mtaa, na Maasai Mbili, lile kundi la wasanii kule Kibera, walianza 2001 wakiwa waandishi wa mabango hao hao.

Bando inakula sana kwa sababu picha zinafunguka kubwa hata hujazigusa, so shukisha ramani ukiwa kwa waifai kabla utoke.

Kwa sasa nyota tatu. Nimewatumia picha kumi na moja, saba ni za matatu nimeandika ruti na jina la mchoraji kwa kila moja, bado inasema zinakaguliwa.