Mashua Nyepesi au Nzito? Kabla ya Bei, Jua Uzito Umetoka Wapi

Mashua mbili za futi 25, umbo moja, tanga moja, bei zinakaribiana. Moja watu wanne wanaisukuma hadi majini, nyingine inawashinda sita. Mwenye nzito atakwambia ni imara, mwenye nyepesi atakwambia ina mbio. Huenda wote wawili wanasema kweli, lakini uzito wa chombo kilichotumika una asili zaidi ya moja, na asili hiyo ndiyo ninayoipangia daraja.

Ya kwanza kwangu ni nyepesi ya mbao nzima, zisizooza. Kwa mvuvi anayetoka alfajiri na kurudi ufukweni kila siku, hakuna inayoishinda. Hutembea hata kwa upepo hafifu wa matlai, haichoshi watu pwani, na inabeba zaidi: mashua ya ukubwa huu huzama kama sentimita moja kwa kila kilo 100, kwa hiyo kilo 300 za mbao za ziada ni kilo 300 za samaki na barafu usizoweza kupakia. Kusi likikaza itayumba, ni kweli. Tia farumi, yaani uzito wa kutuliza chombo, ya mifuko ya mchanga, na baharia wakae upande wa upepo kama wafanyavyo mashindanoni Lamu. Mchanga utaushusha ukifika. Mbao nzito huzishushi.

Ya pili ni nzito ya mbao nene: mkuku (uti wa chini wa chombo) wa mbambakofi, mti ambao Tanzania huitwa mkongo, na mataruma (mbavu za chombo) yaliyokaribiana. Anayevusha mawe, saruji au mchanga kati ya kisiwa na bara aichukue hii bila wasiwasi. Inapobisha, yaani ikienda kinyume cha upepo, haisimamishwi na kila wimbi. Ila uwe na mahali pa kuilaza majini, maana kuivuta pwani kila jioni kutawamaliza vijana wako.

Ya tatu, nyepesi iliyokonda kwa miaka ya kukwanguliwa na kuchomwa moto wa makuti. Hii nunua kwa bei ya kubadilisha mbao tu.

Ya mwisho kabisa ni nzito ya maji, yaani mbao zake zimenyonya maji na kuoza. Inafanana na ile ya pili na ndiyo inayowaumiza wanunuzi wengi. Mwite fundi asiye jamaa wa muuzaji, mashua ikiwa juu pakavu. Achome kisu pale mkuku unapokutana na fashini, ule mti unaosimama mwishoni mwa chombo, na chini ya mataruma ambako ngama, yaani maji yaliyoingia chomboni, hukaa. Agonge kila ubao: mzima hulia, uliooza hutoa sauti ya kufa. Msisahau minyoo ya bahari, kwani tundu la nje laweza kuwa dogo kama ncha ya pini na ndani ubao umekwisha. Kutu inayochuruzika kwenye misumari nayo ni dalili mbaya.

Hati za usajili zikaguliwe kabla ya fedha kutoka.

Halafu ishusheni majini. Chombo kilichokaa juani muda mrefu kitavuja siku ya kwanza, kwa sababu mbao zimesinyaa. Usikikatae kwa hilo. Acha zivimbe. Ngama ikiendelea kujaa siku ya tatu, muuzaji apunguze gharama ya kalafati nzima, yaani kuziba upya mianya ya mbao, la sivyo mwachie mashua yake.