Kuandika hofu au kupumua polepole: kipi kimfae mwanafunzi kabla ya mtihani?

Mwanafunzi anayetoka Githurai kwa matatu alfajiri, huku foleni ya Barabara ya Thika ikimla dakika na mtihani ukianza saa mbili, ana njia mbili za kutuliza hofu zisizomgharimu hata shilingi.

Kupumua polepole, yaani kuvuta hewa kwa pua kisha kuitoa taratibu zaidi, husaidia kupunguza mapigo ya moyo. Hufanyika popote, hata ukiwa umebanwa kati ya abiria wawili na muziki ukitetemesha vioo, wala hakuna atakayejua. Hata hivyo, hutuliza mwili zaidi kuliko akili, na lile wazo la "nitafeli" huweza kubaki palepale.

Kuandika hulikabili wazo hilo lenyewe. Mwaka 2011, Gerardo Ramirez na Sian Beilock wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha katika jarida la Science utafiti ulioonyesha kwamba kuandika hofu kwa dakika 10 kabla ya mtihani kuliinua alama, hasa za wanafunzi wenye mazoea ya kuingiwa na wasiwasi. Maelezo yao ni kwamba wasiwasi hula nafasi ya kumbukumbu inayohitajika katika kufikiri. Lakini jaribu kuandika ndani ya matatu inayoruka matuta!

Kwa aliyefika mapema na kuketi kwenye ngazi za nje ya ukumbi, ningependekeza daftari bila kusita. Pumzi ningeiweka kwa ile dakika msimamizi anaposema, "Geuzeni karatasi."