Kuteleza kwenye theluji Uturuki: kituo kipi kinamfaa anayetoka Dar?

Uturuki haitajwi sana watu wanapozungumzia skii, lakini kwa mtu wa Dar ni rahisi kufikika: Turkish Airlines inaruka moja kwa moja hadi Istanbul, halafu unapanda ndege ya ndani. Kosa la wengi ni kukimbilia Uludağ kwa kuwa ndilo jina lenye sifa. Kama hujawahi kuvaa skii, yaani zile mbao ndefu za kuteleza zinazofungwa kwenye viatu, sisi tungepanga hivi.

1. Erciyes, Kayseri. Huu ni mlima wa volkano wenye urefu wa mita 3,917, na kituo kinasimamiwa na manispaa ya jiji. Kutoka uwanja wa ndege wa Kayseri ni mwendo wa nusu saa hivi kwa gari. Miteremko yake ni mipana na ya taratibu, jambo ambalo mwanafunzi analihitaji kuliko kitu chochote, maana kwenye njia nyembamba huna nafasi ya kukata kona wala ya kuanguka salama. Fikia upande wa Tekir Kapı. Ubaya wake: mlima hauna miti, hivyo upepo ukivuma lifti za juu (viti vya kwenye kamba ya chuma vinavyokupandisha mlimani) hufungwa, na ukungu ukishuka huoni alama ya kukuonyesha njia. Weka siku moja ya ziada.

2. Palandöken, Erzurum. Theluji ya uhakika, lifti nzuri. Mashindano ya dunia ya wanafunzi wa vyuo vikuu ya majira ya baridi yalifanyika hapa mwaka 2011. Lakini kilele kinapita mita 3,100, miteremko mingi ni mikali, na baridi inaweza kushuka chini ya nyuzi 20 hasi. Ukitoka kwenye joto la Januari la Dar, mwili utashtuka. Kinafaa safari ya pili.

3. Sarıkamış, Kars. Theluji kavu, nyepesi, katikati ya misonobari inayokinga upepo. Kwa uzuri tu kingekuwa cha kwanza. Kimeshuka kwa sababu ni mbali na ni kidogo.

4. Uludağ, Bursa. Kinafikika kutoka Istanbul bila ndege ya pili. Ila njia zake ni fupi, hewa ya Bahari ya Marmara huleta ukungu na theluji nzito, na mwishoni mwa wiki foleni za lifti hula siku nzima.

Kokote utakakokwenda, kwepa likizo ya shule ya mwishoni mwa Januari hadi mwanzoni mwa Februari: bei hupanda na walimu wa skii hawapatikani. Pasipoti ya kawaida ya Tanzania inahitaji viza, kwa hiyo ishughulikie kabla ya kulipia hoteli. Istanbul ina viwanja viwili vya ndege, kimoja kila upande wa mlango wa bahari wa Bosphorus. Hakikisha tiketi zote mbili zinatumia kimoja.

Skii na viatu kodi hukohuko. Viatu ndivyo vinavyoharibu safari za watu wengi. Vaa soksi moja ndefu, si mbili, kwa sababu mkunjo wa soksi ndani ya kiatu kigumu huchubua. Simama wima: vidole viguse mbele kidogo. Kunja magoti: viachie. Kisigino kikiinuka, omba saizi ndogo hata kama unayopewa inaonekana ya starehe.

Koti na suruali vitafute kwenye mitumba ya Karume. Mwagia maji kidogo kwenye mkono wa koti: yakiteleza, chukua, yakinywewa, liache. Jinzi na fulana za pamba usivae mlimani, zikilowa jasho zinakaa na maji na kukugandisha. Miwani ya theluji na losheni ya jua ni lazima hata kwa ngozi nyeusi, maana theluji huurudisha mwanga usoni.

Mwisho, soma bima yako. Bima nyingi za safari hazilipi ajali ya skii mpaka uongeze kipengele cha michezo ya theluji, na mguu ukivunjika gharama zote ni zako.