Nguo rafiki wa mazingira ukiwa Dodoma: ipi ununue kwanza, ipi uiache

Kama unataka nguo isiyoumiza ardhi na itakayohimili jua na vumbi la Dodoma, angalia kitambaa kabla ya mtindo. Pamba hupitisha hewa, hufyonza jasho, na ikichakaa kabisa huoza. Poliesta hutokana na mafuta ya petroli, kila ikifuliwa huachia nyuzi ndogo mno zinazokwenda na maji machafu, na ukiivaa mchana wa Oktoba kabla mvua hazijaanza utajuta.

Muuzaji akikuapia kuwa kitambaa ni pamba tupu, omba uzi mmoja wa ukingoni, uuchome kwa kiberiti. Pamba huwaka upesi, hunuka kama karatasi na kuacha majivu laini yanayopukutika ukiyagusa. Poliesta hujikunja, huyeyuka, hunuka plastiki na kuacha punje ngumu. Uzi wa mchanganyiko huwaka kisha ukabaki na vipunje. Mwenye mali ya kweli hatakunyima uzi mmoja.

Namba moja: pamba ya hapa nchini, mikononi mwa fundi. Chaguo hili naliweka juu ya yote bila kusita. Kuna khanga na vitenge vinavyofumwa na kuchapishwa viwandani Morogoro na Dar es Salaam, na sehemu kubwa ya pamba tunayolima bado inauzwa nje ikiwa nyuzi tu. Ukinunua doti iliyofumwa hapa, unampa kazi mkulima, mfumaji na fundi wako kwa mkupuo. Soma maandishi madogo kwenye pindo la khanga. Mara nyingi jina la kiwanda liko pale. Usiridhike na rangi na jina la khanga peke yake, kwa sababu siku hizi zipo nyingi za poliesta zenye maua yale yale.

Kabla hujakipeleka kwa fundi, kiloweke kitambaa, ukifue na kukianika, ili kisinyae kikiwa bado hakijakatwa. Mwambie aache nafasi ya kutosha kwenye mishono ya pembeni, walau sentimita 2, na apige ovaloki kingo zote. Nafasi hiyo ndiyo itakayokuruhusu kupanua gauni ukinenepa, au kumrekebishia mdogo wako. Ulizia na bitana: mafundi wengi huweka ya poliesta kwa sababu ni rahisi, na hapo unakuwa umelipia pamba ya nje huku ngozi yako ikigusa plastiki. Kitambaa laini cha pamba kiitwacho marekani kinafanya kazi hiyo vizuri. Vipande vinavyobaki ni vyako, vichukue.

Namba mbili: mtumba uliochaguliwa kwa makini. Shati lililokwisha kushonwa halihitaji pamba mpya wala maji mapya ya kutia rangi. Kwenye masoko ya Sabasaba na Majengo utapata pamba nzito ambayo madukani ni adimu. Linyanyue shati juu, lielekeze kwenye jua: sehemu iliyolika itapitisha mwanga, hasa kwenye viwiko na chini ya kwapa. Geuza kola uone kama imelika kwa ndani. Vuta mshono wa bega kidogo; nyuzi zikionyesha meno, liache. Kwa baridi na upepo wa Juni na Julai, sweta la sufu la mtumba linalishinda jipya la akriliki kwa mbali, ila kagua vitobo vya nondo.

Nguo za ndani usinunue. Shirika la Viwango Tanzania (TBS) limezipiga marufuku zikiwa mitumba, na ni kwa ajili ya afya yako. Tena usibebe nguo usiyoihitaji kwa sababu tu imeshuka bei, maana belo huja na nguo nyingi zisizovalika na mwisho wake ni dampo letu wenyewe.

Namba tatu: pamba ya kilimo hai yenye cheti. Wengine wangeipa nafasi ya kwanza, na kwa upande wa shamba wana haki. Meatu, mkoani Simiyu, wakulima walio chini ya bioRe, kampuni ya pamba ya kilimo hai, wanalima pamba hii tangu miaka ya 1990, bila dawa za viwandani. Hupanda alizeti kandokando ya pamba ili funza wa vitumba wavutike huko, mbinu ambayo mkulima yeyote wa Singida au Kongwa mwenye alizeti yake ataielewa mara moja. Tatizo ni kwamba pamba hiyo kwa wingi huenda nje, na fulana ikirudi inakuwa ghali. Ningemnunulia mtoto mchanga kwanza, kwa sababu ya ngozi yake.

Ukilipa bei hiyo, dai lebo. Alama ya GOTS, cheti cha kimataifa cha nguo za kilimo hai, yenye neno "organic" peke yake ina maana kwamba angalau asilimia 95 ya nyuzi ni za kilimo hai. Daraja la chini yake, "made with organic", linaanzia asilimia 70. Lebo ya OEKO-TEX Standard 100 ni kitu kingine: hupima mabaki ya kemikali kwenye nguo, haisemi pamba ililimwaje.

Namba nne: batiki. Nazipenda, na vikundi vya akina mama vinavyozitengeneza vinastahili kuungwa mkono. Lakini kazi ya mkono haimaanishi haina kemikali: rangi nyingi za batiki huchanganywa na kostiki soda. Muulize mtengenezaji maji ya rangi anayamwaga wapi. Kisha lowesha kitambaa cheupe, sugua pembe ya batiki. Ikichuja pale, itachuja zaidi kwenye maji yetu ya visima yenye chumvi, ambayo sabuni haitoi povu na mtu huishia kuongeza sabuni na kusugua kwa nguvu. Ifue peke yake, ianike kivulini.

Ya mwisho: kitenge cha poliesta cha bei ya chini. Wengi hukinunua kwa sare za harusi na sendofu, kinavaliwa mara moja kisha kinafungiwa kabatini. Ukiwa kwenye kamati, pendekeza khanga au kitenge cha pamba ambacho watu watakivaa tena kanisani, msikitini na kazini, na liseme hilo kabla michango haijaanza kukusanywa. Jora likishanunuliwa, hakuna atakayekubali kulirudisha.